Mlo wa Jemadari Pansario

Siku ya kumi na moja ya mwezi wa mavuno, saa tatu na robo asubuhi, manyunyu baridi yakianguka na ukungu ukiwa umefunika vilele vyote vya kusini, jeshi la Warumi lilishuka kutoka kwenye pito la mlima na kuingia nchi ya Taruvia kuomba chakula.

Nasema kuomba chakula kwa sababu ndivyo walivyosema wenyewe, nami si mtu wa kubishana na mapanga elfu sita.

Wataruvi walikuwa kabila la Wakelti waliokaa kaskazini mwa milima, wakilima shayiri, wakifuga ng'ombe na nguruwe, na kufua chuma ambacho hata adui zao walikisifu. Vitani walikuwa wakali. Mezani walikuwa wapole. Mila yao kuu ilikuwa hii: mgeni haulizwi jina lake, wala atokako, wala shida yake, mpaka amemaliza kula. Akishashiba hulifudikiza bakuli lake juu ya meza, chini juu, na hapo ndipo mwenyeji humwuliza, "Wewe ni nani, na umekuja kutaka nini?" Kumwuliza kabla ya hapo lilikuwa kosa kubwa kuliko wizi. Anayetaka kujua jina la mwenye njaa, walisema, tayari anayo majina ambayo angeyaacha yafe njaa. Na mtu ambaye bakuli lake liko wazi mezani hakuinuliwa silaha na yeyote, kwa sababu yoyote.

Mila hiyo ilikuwa nzuri. Nalisema hilo bila kejeli, na msomaji alitunze, maana hatalisikia tena juu ya jambo jingine katika habari hii.

Nyumba ya kwanza chini ya pito ilikuwa ya Litugena, mjane wa Danomaro. Ukoo wa marehemu mumewe ndio uliotunza ghala la mbegu ya bonde zima, na baada ya kifo chake kazi hiyo ilimwangukia mjane. Alikuwa akipepeta shayiri uani alipowaona watu wawili mlangoni: mmoja mnene mwenye deraya iliyong'arishwa, na mwingine mwembamba aliyezungumza Kitaruvi kama mzaliwa.

"Karibuni," alisema Litugena. "Mmelowa. Ingieni mle."

"Wote?" aliuliza yule mwembamba.

Litugena alichungulia nje. Safu ya askari ilianzia kwenye ua wake na kuishia ndani ya ukungu.

"Basi waingie kwa zamu," alisema, akaongeza kuni.

Yule mnene alikuwa Jemadari Aulo Pansario. Mwembamba alikuwa mkalimani wake, Vibio, ambaye aliwahi kufanya biashara ya chumvi kaskazini mwa milima kwa miaka mingi na kula katika nyumba za Wataruvi bila kuulizwa kitu. Jemadari alipewa uji mzito wa shayiri wenye vipande vya nguruwe. Aliula wote, akabakiza kijiko kimoja, akashika bakuli ili alisukume kando. Vibio alimwinamia sikioni. Walinong'onezana kwa muda. Kisha Jemadari aliliweka bakuli wima, kwa uangalifu wa mtu anayeweka jiwe la msingi, akajifuta mdomo.

"Anasema ni tamu sana," alitafsiri Vibio. "Na anasema bado anakula."

*

Asubuhi ya pili Litugena alilikuta bakuli mahali pale pale, limezungukwa na askari wanne wenye mikuki. Askari wa tano kazi yake ilikuwa kuongeza kijiko kimoja cha uji kila asubuhi, na wa sita kukila kila jioni. Cheo cha wa sita kilikuwa kikubwa kuliko cha wa tano, na hapo msomaji ataona kwamba utawala ulikuwa umekwisha kuanza.

Bakuli lilihitaji ulinzi, hivyo ukajengwa ukuta. Ukuta ulihitaji walinzi, hivyo zikajengwa kambi. Mwenye nyumba alihamishiwa zizini, kwa kuwa Jemadari alikula vizuri zaidi penye utulivu. Mahali hapo paliitwa Ngome ya Bakuli. Barabara ilichongwa kutoka maghala yote ya bonde hadi lango lake, ili chakula kisipoe njiani, na Wataruvi wenyewe walipewa heshima ya kubeba mawe. Ilikuwa barabara nzuri sana, imenyooka na haina matope, na wasioitakia Roma mema wamekosa la kuitia ila. Ni kweli kwamba haikuunganisha kijiji na kijiji. Lakini vijiji havikuwa vikila.

Wataruvi hawakutozwa kodi hata siku moja. Jemadari alilichukia sana neno hilo. Kilichochukuliwa kiliitwa kitoweo. Ng'ombe walipochukuliwa, walikuwa kitoweo. Chuma kilipochukuliwa, Vibio alieleza kwamba visu vya mezani havitengenezwi kwa udongo. Vijana walipochukuliwa kwenda kupigana katika vita vya mbali, palitokea manung'uniko, na Vibio alisimama juu ya ngazi za ngome kuyajibu.

"Ndugu wananchi," alisema, "kula ni mchakato. Mgeni wenu hawezi kula kwa amani wakati adui zake wako hai. Vijana hawa wanakwenda kulinda mlo wenu wenyewe. Niwaombe sana, wadau wote wa meza hii, tuwe na subira. Tusisikilize kelele za wachache waliokwisha kushiba."

Aliyesemwa kwamba ameshiba alikuwa mzee mmoja ambaye mifupa ya kifua chake ingeweza kuhesabiwa kutoka ng'ambo ya mto.

Mwaka wa pili Jemadari aliitwa Roma kuvishwa taji la majani. Habari zilienea kwamba mgeni ameondoka, na watu wakaanza kukumbatiana njiani. Vibio alipanda tena ngazi.

"Nasikia maneno mitaani," alisema kwa huzuni. "Ndugu zangu, anayekula si mtu. Anayekula ni cheo. Mheshimiwa Jemadari amekaimisha kinywa chake kwa naibu wake, kwa mujibu wa taratibu, mpaka atakaporejea."

Na kaimu mlaji akatokeza kibarazani, akatafuna mbele ya umati, akashangiliwa na askari.

*

Mtu angeuliza: mtemi wa Wataruvi alikuwa wapi?

Alikuwa mezani. Mtemi Katumaro, ndugu mdogo wa marehemu Danomaro, alikuwa amepewa kiti cha pembe za ndovu, cheo cha Rafiki wa Meza, na joho jeupe la Kirumi lenye mita nyingi za kitambaa. Joho hilo halikuwa na kifungo wala mshipi. Ili lisianguke, mvaaji alilazimika kulishikilia kwa mkono wa kushoto mchana kutwa, na kwa kuwa mkono wa kulia ulikuwa na kazi ya kupokea, Mtemi hakuwa na mkono wa kushikia kitu kingine.

Baraza liliitishwa, kwa kibali cha ngome, katika majira ya baridi ya mwaka wa tatu. Litugena alisimama. Alikuwa amekonda, na nguo zake zilinuka zizi.

"Shemeji," alimwambia Katumaro, "nauliza jambo dogo. Mgeni akila mwaka mzima, bado ni mgeni?"

"Mila haikuweka kikomo, shemeji yangu."

"Akila miaka miwili?"

"Bakuli limefudikizwa?"

"Halijafudikizwa. Lina walinzi wengi kuliko wewe."

Watu walicheka. Katumaro hakucheka, ila alirekebisha joho.

"Basi bado anakula," alisema. "Unataka tumwulize shida yake? Unataka tuwe watu gani? Babu zetu walimlisha hata muuaji wa watoto wao, wakangoja afudikize, ndipo wakamshika. Mimi nitakuwa mtemi wa kwanza kumkatiza mgeni?"

"Babu zako walikuwa wakikonda wageni wakinenepa?" aliuliza mhunzi mmoja kutoka nyuma. "Wewe mwenyewe tazama tumbo hilo, Mtemi. Umekuwa mgeni lini?"

"Naomba heshima barazani."

"Heshima tulikupa. Umeipeleka ngomeni pamoja na ng'ombe wangu."

Hapo kelele zilipanda, na baraza likafungwa kwa sababu za usalama. Lakini lazima niseme kile kilichonikera zaidi katika habari hii yote, kuliko ulafi wa Jemadari, maana jeshi la kigeni hufanya kazi ya jeshi la kigeni. Wengi walitoka barazani wakiamini kwamba Katumaro alikuwa na hoja. Walikuwa na njaa, wamepokonywa wana wao, na bado walirudi nyumbani wakijisifu kwamba angalau hakuna Mtaruvi aliyevunja mila. Adabu yao ndiyo iliyokuwa minyororo, nao waliisugua kila siku ili ing'ae.

*

Kabla theluji haijayeyuka, Vibio alikwenda zizini kwa Litugena akiwa na mikokoteni mitatu.

"Mama Litugena, habari za asubuhi. Nimekuja kwa ajili ya kitoweo."

"Kimekwisha, Vibio. Ulichukua cha mwisho mwenyewe."

"Kuna ghala la mbegu."

Litugena alisimama mbele ya mikokoteni.

"Ile ni mbegu," alisema. "Ni ya bonde zima. Isipopandwa, mwaka ujao hakuna atakayekula. Hata nyinyi."

"Mwaka ujao una bajeti yake," alisema Vibio. "Mheshimiwa amerudi juzi na njaa ya safari. Mama, mimi na wewe tunaijua mila. Mgeni anayekula hanyimwi chakula kilichomo ndani ya nyumba. Nitakichukua kwa ridhaa yako au bila ridhaa yako, lakini ningependa iwe kwa ridhaa. Ninatumwa tu."

"Lini?"

"Baada ya sherehe, maana wapakizi wote wako kazini huko. Kesho kutwa tunazindua hamamu. Umealikwa, lakini ujitahidi kuoga kwanza."

Aliondoka akitabasamu, maana alidhani amefanya utani mzuri. Vibio aliijua mila ya Wataruvi kama mtu anavyojua nyumba aliyoingia kwa mlango wa mbele tu.

Kulikuwa na mlango wa nyuma. Mwenyeji aliyeishiwa kabisa, asiye na punje ndani ya nyumba yake, aliruhusiwa kukifudikiza chungu chake mbele ya mgeni. Hapo mlo umekwisha, mgeni apende asipende, na swali linaulizwa. Hakuna Mtaruvi aliye hai aliyewahi kuliona jambo hilo likifanyika. Nyumba iliyofudikiza chungu haikupokea mgeni tena milele, na mwenye nyumba hakula tena katika meza ya mtu mwingine. Kwa Mtaruvi hayo yalikuwa maziko. Tena, kama punje moja ingeonekana ndani, mwenyeji alihesabiwa mwongo, na nyumba, shamba na yeye mwenyewe vikawa mali ya mgeni.

Lakini mbegu iliyokwisha kuingia ardhini haikuwa chakula tena. Wataruvi waliamini kwamba iko mikononi mwa marehemu mpaka iote.

Jioni hiyo Katumaro alikuja zizini peke yake.

"Shemeji, nasikia unanoa majembe."

"Nasikia nawe una masikio bado."

"Theluji haijakwisha. Ukipanda sasa, baridi itaua kila kitu. Utakuwa umetuua kwa mkono wako, si kwa mkono wa Warumi."

"Nikingoja, itatafunwa yote. Nikipanda, huenda ikapona nusu. Wewe uliyesoma hesabu zao, niambie ipi kubwa."

"Na chungu? Hakuna atakayekula nawe tena. Hata mimi, shemeji. Hata mimi sitaweza."

"Katumaro," alisema, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina tangu awe mtemi, "umekula nami lini?"

Mtemi alisema kwamba kesho kutwa yeye atakuwa kwenye hamamu, mstari wa mbele, na kutoka mstari wa mbele mashamba hayaonekani. Huo ndio ulikuwa ushujaa wake wote. Nauandika kwa sababu haki inanitaka niuandike, wala si kwa sababu unatosha.

*

Hamamu ilizinduliwa kwa hotuba. Alihutubia mkuu wa wahandisi, ambaye alieleza asili ya maji. Alihutubia kaimu mlaji, ambaye aliwashukuru waliomtangulia kuhutubia. Alihutubia Jemadari mwenyewe, kwanza akisema hatakuwa na maneno mengi.

"Tulipofika," alisema Pansario, "watu hawa walikuwa wakioga mtoni, bure, bila utaratibu wowote! Leo wataoga kwa zamu!"

Askari karibu wote walikuwa wamepangwa uwanjani kupiga makofi. Wakati huo bonde zima lilikuwa shambani: wanawake, wazee, yule mhunzi mwenye ulimi mkali, na watoto waliojifunza kutembea juzi, wakipasua udongo ulioganda na kuizika shayiri. Mlinzi mmoja aliyekuwa juu ya ukuta aliwaona, akafurahi kwamba wenyeji wameanza kuwa wachapakazi. Jemadari alipofikia maneno "na kwa kuhitimisha" kwa mara ya tatu, ghala lilikuwa limefagiliwa, na Litugena alikuwa akipitisha kidole katika nyufa za sakafu, akitafuta punje.

Alipata moja. Aliitoa nje na kuipanda.

Kisha akabeba chungu chake kichwani, akapita lango la ngome, akaingia katika chumba kilichokuwa jiko lake, ambamo Jemadari alikuwa amerudi kupumzisha koo. Aliweka chungu sakafuni mbele ya bakuli na wale walinzi wanne, akakifudikiza.

Vibio aligeuka rangi. Alituma watu wapekue ghala, zizi, hata nyasi alizolalia Litugena. Walirudi mikono mitupu.

"Mgeni," alisema Litugena, "mlo umekwisha. Sasa nakuuliza. Wewe ni nani, na umekuja kutaka nini?"

Jemadari alimtazama Vibio. Vibio alitazama dari.

"Anauliza nini?" alisema Pansario.

"Anauliza tumekuja kutaka nini, Mheshimiwa."

"Mwambie..." alianza Jemadari, akasita. Mwaka wa tatu ulikuwa ukienda na hakuna aliyewahi kumwuliza. "Mwambie swali lake limepokelewa na linafanyiwa kazi."

*

Swali lilipelekwa Roma, maana jemadari hana mamlaka ya kujua amekuja kutaka nini. Seneti iliunda Tume ya Kuchunguza Tulichokwenda Kutaka Taruvia. Tume ilianza kwa kuchunguza Taruvia iko wapi. Ikabishana juu ya posho. Mjumbe mmoja alifariki, pakawa na maombolezo ya kitaifa, kisha mrithi wake akaomba apewe muda wa kujielimisha. Na kwa kuwa sheria ya Roma ilikataza kuchukua chochote wakati suala liko mbele ya tume, wale walaji wa mataifa walikaa ngomeni wakila mkate mkavu uliovushwa mlimani, wakilaani demokrasia.

Baridi iliua shayiri ya kingo zote za shamba. Ya katikati ilitoka. Ilisimama, ikarefuka, ikatoa masuke. Litugena aliilinda akiwa peke yake, akila peke yake, nyuma ya mgongo wa kila mtu, kama mila ilivyotaka. Watu walimwachia chakula juu ya jiwe na kugeuka. Alifanyiwa hivyo na wale wale aliowapandia, nao walilia, na waligeuka. Wakati tume inapigia kura dibaji ya taarifa yake, Wataruvi walivuna, wakaipandisha shayiri kwa migongo hadi misitu ya juu, ambako hakuna barabara iliyonyooka.

Ndipo jibu likaja. Lilisomwa na Vibio mbele ya umati wote, tarumbeta zikipigwa kabla na baada.

Roma haikuwa imekuja kutaka kitu. Roma ilikuja kutoa. Ilitoa barabara, ukuta, hamamu na ulinzi wa bakuli usiku na mchana kwa miaka mitatu. Vitu hivyo vina gharama. Tume, kwa huruma yake, imekubali kwamba Wataruvi ni maskini, hivyo wataruhusiwa kulilipa deni hilo kwa shayiri, kuanzia mavuno ya mwaka huu, yote. Mtemi Katumaro, Rafiki wa Meza, amekwisha kulikubali deni kwa niaba ya wananchi wake.

Katumaro alisimama kando ya Jemadari. Hakumtazama mtu.

"Shemeji," alisema kwa sauti ndogo, "lipa kidogo. Watakurudishia nyumba. Nimewaomba mwenyewe."

"Mimi sikukopa."

"Najua hukukopa."

"Aliyekopa ni nani?"

Mtemi alirekebisha joho. Vibio aliingilia kati, akazungumza kwa upole wa mtu anayemweleza mtoto. "Mama, si suala la nani alikopa. Huduma zilitolewa. Mlizitumia. Taifa lenye heshima hulipa madeni yake."

"Nilimlisha mtu huyu," alisema Litugena, akimnyooshea kidole Jemadari, "bila kumwuliza jina. Nililisha jeshi lake. Sijamdai hata makapi, wala sitamdai, kwa kuwa nilitoa kwa hiari yangu. Sasa amelijibu swali langu, na nimemjua ni nani. Mwambie kwamba simdai, hanidai. Shayiri hapati."

"Anasemaje?" aliuliza Pansario.

"Anakataa, Mheshimiwa."

"Muulize tena. Mwambie nitaichoma nyumba yake, ingawa nalala humo mimi."

Vibio aliuliza tena. Litugena alisema silipi. Nyuma yake mhunzi alisema hatulipi, na sauti zikaanza kupokezana katika umati mpaka nje ya lango, za watu ambao kwa miaka mitatu hawakuwa wamethubutu kumkatiza mgeni, na ambao asubuhi hiyo hawakumwona mgeni popote.

Nyumba ilichomwa kabla ya adhuhuri. Vita vilianza siku hiyo, na katika vitabu vyao Warumi wameandika kwamba ndiyo siku walipoingia Taruvia. Misitu ya juu haikutekwa mwaka ule. Deni lilidaiwa tena majira ya kuchipua, kwa barua yenye muhuri, na Litugena aliurudisha muhuri pamoja na jibu: halilipwi.